Futari ya Babu Yako

Mjukuu na mume wangu Elia,

Barua yako imenikuta hapa Temeke nikiwa mzima, ni goti tu lenye maneno. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na kelele zake zinafika sokoni.

Unauliza kama kufunga kunaweza kushusha presha yako iliyopanda kidogo. Babu yako alifunga kwa presha hiyo hiyo, enzi za Mwingereza, mie nikiwa bibi harusi wa miezi miwili. Bwana mganga wa zahanati alimwagiza anywe maji tu kwa siku kadhaa, na kila asubuhi alikuja kumpima.

Majirani wakasikia Mkristo wa bara amefunga. Magharibi Mama Zuhura wa nyumba ya pili akaleta futari, mihogo ya nazi na tambi. Kesho yake zikaja sahani tatu. Nikawaeleza kuwa ni matibabu, wakasema kufunga ni kufunga. Kurudisha chakula cha jirani ni kumtukana, basi nikajificha jikoni nikala zote, babu yako akiambulia harufu.

Siku ya mwisho bwana mganga alipima, akatabasamu: presha imeshuka. Kisha akanitazama mie. "Mama, wewe nawe njoo nikupime."

Jioni ile babu yako aliruhusiwa uji mwepesi. Majirani walijaa uani kumtazama akinywa, kama watu wanaomtazama mtoto anayesimama dede. Kikombe kilipoisha, Mama Zuhura akafuta machozi.

Kwa hiyo usifunge peke yako. Mpate kwanza daktari wa kukupima kila siku, kisha niite. Sahani za majirani niachie mie.

Mkeo mzee,
Bibi Marita