Mtani Aliyeiponda Cherehani Yangu

Jumamosi, Nyangamara. Asubuhi mvua imenyesha kidogo, vumbi limelala, na mimi moyo wangu mweupe kabisa.

Leo nimeshona! Naandika huku vidole vinanuka mafuta ya mashine, na sitaki kuvinawa.

Mwezi uliopita nilidhani kazi yangu imekwisha. Nilikuwa nashona barazani, nikaingia ndani kunywa maji, na kabla sijaiweka kata chini nikasikia kishindo. Landrova ya tajiri mmoja wa Lindi ilikuwa imerudi nyuma bila breki, ikapanda baraza na kuiponda cherehani yangu. Ndiyo niliyoachiwa na marehemu mama, na ndiyo inayonilisha. Mimi nilipona kwa sababu ya kiu tu.

Dereva, Komba, kijana mwembamba mwenye maneno mengi, alishuka mikono kichwani. Akaitwa balozi wetu wa nyumba kumi. Balozi akauliza habari ya bima, Komba akakiri hana. Tajiri hakukata bima, na dereva mwenyewe mfukoni hana kitu.

Nakiri nilimtukana. Nilimtukana mpaka shangazi yangu Somoe akanishika mkono. Kisha shangazi akamgeukia: "Baba, kwenu wapi?"

"Songea, mama. Mimi Mngoni."

Watu wakaangua kicheko. Mngoni kwetu sisi Wamwera ni mtani: tunatukanana, tunanyang'anyana vitu, na ni mwiko kukasirika. Komba naye roho ikamrudi. Akaketi kando ya vyuma vya cherehani, akajifunika shati kichwani na kuanza kilio cha msiba: "Wamwera nyie! Maiti hamjazika, na mtani sijapewa hata chai!"

Nilicheka. Halafu nikaingiwa na hofu.

Maana utani ukishaingia, kesi huishia kwenye kicheko. Kila mtu angekwenda zake, nami ningebaki na vyuma. Ningekula nini?

Nadhani shangazi aliliona hilo usoni mwangu. Alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa gari mfukoni mwa Komba. "Mtani, gari tumelichukua. Haya, kasirika!"

Komba alicheka mpaka akalala chini. Akasema afadhali, maana tajiri wake hana utani na mtu yeyote, basi akasirike peke yake. Balozi akakohoa, akasema utani si wizi, na kwamba dereva atakula kwetu na kulima nasi shamba la ujamaa hadi mwenye gari atakapokuja kulipa. Salamu zikapelekwa Lindi kwa basi.

Tulilima naye. Alikuwa anang'oa mihogo pamoja na magugu, wanawake wakimwimba kutwa nzima, naye akiwajibu kwa matusi yaliyowavunja mbavu. Mimi kila jioni niliitazama barabara. Wenzangu walicheka, nami nilicheka nao.

Leo tajiri kaja. Kashuka kwenye basi amevimba, na cherehani ndani ya gunia. Si mpya, rangi imechubuka, lakini chuma chake kizima. Akadai ufunguo hapo hapo.

Nikamwambia asubiri.

Nikatia uzi, nikashona pindo zima la sare ya mtoto wa shule, taratibu, tajiri amesimama juani. Uzi haukukatika hata mara moja. Jamani, nilikuwa nimeusahau mlio ule! Nililia mbele ya watu bila kuona haya. Ndipo shangazi akatoa ufunguo.

Sasa najiuliza: kama Komba angekuwa wa kabila lisilo na utani nasi, haki yangu ningeidai kwa nani? Sijui, na swali hilo linanitisha kidogo hata katika furaha hii.

Wakati wa kuondoka, Komba alizunguka nyuma ya nyumba yangu, akarudi na jogoo wangu kwapani, hadharani kabisa. Akasema hiyo ni fidia yake ya kulimishwa. Nilimkimbiza, kanga inadondoka, kijiji kizima kinashangilia, naye akajitupa garini kando ya tajiri wake na kuliwasha. Jogoo aliwika dirishani mpaka wakapotea kwenye kona.

Na gari lile bado halina bima. Ewe Mola, wafikishe Lindi salama wote watatu.