Kitambaa Chekundu Kilichobaki Mfukoni

MAELEZO YA SHAHIDI: MTU KUANGUKA KUTOKA MLINGOTINI, KARAKANA YA MASHUA
Shahidi: Taratibu, kama anavyoitwa na wote kazini
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa kamba na matanga
Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya stendi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya shemeji yangu, mume wa mdogo wetu wa kike, ambaye mmemweka ndani tangu juzi kwa madai kwamba alimwachia kaka yangu kamba makusudi. Hakumwachia.

Karakana ni ya kaka. Mnamo Jumatatu, tarehe 9 mwezi huu, nilikuwa natengeneza mashua ya mteja iliyopandishwa nchi kavu. Kamba zake mbili za kupandishia matanga zilikuwa zinasokotana kileleni mwa mlingoti, tanga linakwama, halipandi wala halishuki. Dawa ya kaka ilikuwa kupanda, yaani anajifunga kwenye kamba ya tanga na mwenzake anamvuta kwa winchi kutoka chini, kuzisokotoa na kushuka, mwezi ujao anapanda tena. Nikamwambia safari hii nitalihamisha kapi la kulia, lile gurudumu la kupitishia kamba, nilitoe nje kwenye mkono mfupi wa chuma, kila kamba iwe na njia yake. Akacheka. "Wewe Taratibu utaimaliza hiyo kazi mteja ana wajukuu." Nilinuna, lakini nikaanza.

Mkono wa chuma niliufunga na kapi jipya. Kisha nikapitisha kamba mpya. Tunaishona ncha ya kamba mpya kwenye ncha ya ile kuukuu, tunazungushia utepe, halafu tunavuta ya kuukuu na mpya inafuata. Kiungo hicho kinabeba uzito wa kamba tu, hakibebi mtu. Kilipofika juu kiligoma kupita kwenye kapi kwa unene wake. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, nikaamua niende dukani kutafuta kapi pana zaidi, nimalizie kesho yake. Ukisimama chini ulikuwa unaona kamba nzima pande zote mbili, kiungo huko juu hakionekani.

Pale kwetu kamba isiyoaminika inafungwa kitambaa chekundu kwa chini, na hapo haiguswi na mtu. Utaratibu huo aliuweka kaka mwenyewe. Kitambaa nilikuwa nacho mkononi. Lakini nilitaka kumwonyesha mwenye duka kapi la zamani, nalo lilikuwa limejaa grisi, nikalifungia kwenye kitambaa na kulitia mfukoni, nisichafue suruali. Suruali, afande. Nikajiambia nikirudi nitakifunga. Duka nililikuta limefungwa, nikaenda zangu nyumbani.

Jumanne saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa duka nikisubiri lifunguliwe. Mdogo wangu akanipigia simu akilia. Nilipofika, kaka alikuwa amelala kwenye saruji, shemeji amemshikilia kichwa. Kwenye winchi kamba ilikuwa bado imezungushwa na kukazwa vilevile. Ingekuwa imeachiwa, ingekuwa imefumuka. Nikaokota ncha iliyoanguka na kaka. Uzi wangu wa kushonea kiungo ulikuwa bado unaning'inia.

Shemeji aliniambia, "Nilimuuliza hii kamba vipi. Akasema Taratibu akiacha kamba bila kitambaa, ni nzima."

Kaka hajawahi kumpenda shemeji, na asubuhi ile walikuwa wamerushiana maneno. Ndiyo maana aliwaambia askari kwamba shemeji alimwachia kamba. Jana hospitali nilimweleza habari ya kiungo. Aliitazama miguu yake, yote imefungwa plasta. Kisha akaniuliza, "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi nyamaza. Wewe ni damu yangu. Yule watamtoa tu."

"Na mdogo wetu je?"

Akageuzia uso ukutani. Kaka ndiye aliyenilea, sijawahi kumkatalia jambo. Nikanyamaza usiku mzima.

Leo asubuhi mdogo wangu aliniomba nimsindikize hapa, anamletea mumewe shati safi. Njiani akanishika mkono akasema, "Ahsante kaka, wewe peke yako ndiye hukututupa." Nilishindwa kumtazama. Najuta, afande, na sina namna nzuri ya kulisema hilo.

Jambo la mwisho. Nilimuuliza shemeji, wakati tunasubiri gari la wagonjwa, kaka alipanda kufuata nini wakati kazi si yake. Akasema kaka aliutazama ule mkono wa chuma kutoka chini, akasema anataka auone kwa karibu kwanza, ndipo anisifu.

Niliyonayo ni hayo. Nimesomewa, hakuna nililoongezewa.

Sahihi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeandika haya mimi, koplo wa zamu, Alhamisi tarehe 12, saa nne asubuhi. Nimepokea kutoka kwa shahidi kapi moja la zamani likiwa ndani ya kitambaa chekundu chenye grisi. Jalada limepelekwa kwa mkuu wa kituo kuhusu mtu aliye mahabusu. Shahidi ameambiwa asisafiri na kwamba kwa sasa anaweza kwenda nyumbani. Hajaenda. Yuko kwenye benchi la mapokezi pamoja na mdogo wake. Ameomba tusimwambie, atamwambia mwenyewe. Hadi naandika haya, hajamwambia.