Tawi la Laureli Mlangoni

Castrelo, 14 Novemba 1993

Mdogo wangu Amaro,

Salamu nyingi. Habari za afya, na za baridi ya huko Jeneva? Mimi niko salama, ila magoti yanalalamika, na pua haijanusa kitu tangu ile homa ya Februari. Daktari anasema nisubiri. Nimesubiri mpaka nimechoka kusubiri.

Alhamisi ilikuwa siku ya Mtakatifu Martino. Kila nyumba hapa ilionja divai yake mpya, nami nikaonja yetu. Maji, Amaro. Kwangu vitunguu, mvua na divai vimekuwa kitu kimoja. Sasa bila kujua ladha yake nitatundikaje tawi la laureli mlangoni, niwaambie watu ingieni, humu mna divai? Wewe unajua, divai ya nyumba huonjwa kwanza na damu ya nyumba. Kumwomba jirani aonje ni kukiri kwamba watu wa nyumba wamekwisha. Mama alikuwa na pua, wewe ukairithi. Mimi nilirithi magoti.

Ulisema utakuja. Mwaka jana pia ulisema, na mwaka juzi. Basi nakupelekea chupa kwa mkono wa Benito, yule dereva anayewaletea wenzetu wa huko viazi na soseji. Nimeiziba kwa nta nyekundu ya mshumaa. Ionje, uniambie ukweli. Jasho langu la mwaka mzima liko kwenye ulimi wako.

Njoo Krismasi uionje mwenyewe kutoka tangini.

Dada yako,
Dosinda


Jeneva, 5 Desemba 1993

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa kazi ya ujenzi imesimama kwa ajili ya theluji.

Chupa imefika na nimeionja. Mwanzoni ina tofaa la kijani, halafu ganda la limau, na mwishoni ile chumvi kidogo ya bahari aliyokuwa akiitaja Mama. Tundika tawi bila wasiwasi.

Krismasi sitaweza kuja, msimamizi hatoi ruhusa. Msalimie na jirani yetu, Shangazi Hermitas.

Mdogo wako,
Amaro


Castrelo, 11 Aprili 1994

Amaro,

U mzima? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Nilitundika tawi wiki ya Pasaka. Wageni wakaja na magari yao, wale wanaozunguka ghala moja hadi jingine, wakifika kwetu wameshaonja za nyumba tano. Nikawaketisha chini ya mizabibu, nikawawekea kome na mkate wa mahindi, nikamimina. Nikawaimbia maneno yako: tofaa, limau, chumvi. Siku tatu waliitikia kwa vichwa. Bwana mmoja wa Madrid alifumba macho kabisa. "Chumvi naisikia, mama!" akasema, akaomba nyingine.

Siku ya nne Shangazi Hermitas akavuka ua na glasi yake mwenyewe mkononi, kama kawaida yake. Akapiga funda moja, akalitema kwenye maua.

"Dosinda," akasema mbele ya watu wote, "lete kachumbari basi, maana siki tunayo."

"Shangazi, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mama yako angefufuka akuchape."

Wageni wakatazama glasi zao. Yule wa Madrid akaanza kukohoa. Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye Shangazi akaniambia ugonjwa huu wa divai ni wa tangu vuli. Mwenye pua angeugundua Novemba, na tungeiokoa.

Kisha Benito akanieleza alichokiona kwako. Chupa yangu iko dirishani jikoni, na nta haijaguswa. Kazi imesimama kwa theluji, ruhusa nayo hakuna! Njia ya mwongo ni fupi, mdogo wangu. Ningekuelewa kama ungesema hutaki. Kwa nini uliniacha nisimame pale nikitabasamu?

Tawi bado liko mlangoni. Sina nguvu hata za kupanda ngazi kulitoa.

Dosinda


Jeneva, 30 Juni 1994

Dada,

Shikamoo. Sijui kama utaipokea. Nimekaa na barua yako zaidi ya miezi miwili, na nimechana majibu manne.

Sikuifungua chupa kwa sababu nisingeishia funda moja. Ningeimaliza, kisha ningeshuka dukani kutafuta nyingine. Huu ni mwaka wa pili sijagusa pombe. Nilianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi saa tatu asubuhi nikiwa nimelewa, na mwenzangu aliyejaribu kunidaka akavunjika bega. Hakuwa na kosa lolote. Tangu chupa yako ifike imekaa dirishani, naipita kila asubuhi, sithubutu kuifungua wala kuitupa.

Ningekuambiaje? Nyumba yetu yote inaishi kwa divai. Maneno niliyokuandikia ni ya Mama. Nimeyashika tangu nina miaka tisa, ananipa glasi mbele ya wageni nao wanacheka. Nilijua yanapendeza, nikadhani yatatosha. Nisamehe kwa aibu niliyokuletea.

Dada, nataka kurudi nyumbani. Nimechoka na huku. Lakini jana nilizipanga barua zako zote mezani nikazisoma upya. Njoo uonje. Njoo kabla tangi halijafunguliwa. Njoo, wageni wanamwulizia mwenye pua. Hakuna hata moja iliyosema njoo tu.

Mdogo wako,
Amaro


Castrelo, 17 Julai 1994

Amaro, mdogo wangu,

Naomba barua hii ikukute unalala vizuri na kula vizuri. Pua yangu ni ile ile.

Nilikasirika siku mbili, nisikufiche. Nilikasirika na wewe, halafu na Mama, halafu na mimi mwenyewe. Siku ya tatu nikapanda ngazi, magoti yakinitukana, nikalitoa tawi. Majani yake yako jikoni, yatatosha kuungia dengu mwaka mzima. Divai nimeimwaga, ila nimeacha mtungi mmoja wa siki, maana Shangazi anaisifu sana.

Wageni bado wanabisha hodi. Jana mmoja aliniuliza, "Divai imekwisha, mama?" Nikamwambia imekwisha. "Mtafungua lini tena?" Nikamwelekeza kwa majirani, nikafunga mlango, nikakaa chini. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwatabasamia watu wale, Amaro. Nilikuwa nimechoka na sikuwa na wa kumwambia. Kwa hiyo usije ukanishukuru. Zabibu tutazichuma Septemba, na siku hiyo hiyo zitakwenda kwenye chama cha ushirika, hata punje moja haitalala hapa.

Chumba cha mapipa, kile kilicho chini ya chumba chako, nimekiosha na kukipaka chokaa mara mbili. Kwa kuwa mimi sinusi, Shangazi Hermitas anakuja kila asubuhi kuninusia. Leo amezunguka pembe zote, akasema bado kuna harufu kidogo ya divai kwenye ukuta wa nyuma. Kesho napaka mara ya tatu.

Njoo tu.

Dada yako,
Dosinda