Bakuli la Chupa za Osiri

Jumatatu, 15 Desemba
Udongo umekandwa. Mgongo unauma. Nimefinyanga kalibu alivyotaka Atieno, pana, isiyo na kina. Ndani yake kioo kitalala kipate umbo la bakuli. Nimefinyanga tangu nikiwa msichana, leo mjukuu ananifundisha chini pawe sawa. Haya.

Chupa zimetoka Osiri, kwenye baa za wachimba dhahabu. Kijani tupu. Nikauliza mbona tusichanganye na za kahawia, ipendeze Krismasi. Akasema vioo vya aina mbili vikiyeyushwa pamoja hugombana, vinapasuka. Mimi ni mke wa tatu. Nilielewa haraka.

Jumanne, 16 Desemba
Amepanga vipande tangu asubuhi. Nyota katikati. Amekunywa uji wote.

Tangu tumzike mtoto wake Julai, akarudi kwangu, alikuwa amelala akitazama ukuta. Alichoanza alikiacha: kusuka, kupalilia, hata kula. Hili bakuli amesema litabeba chapati boma zima likija Krismasi. Nataka alimalize. Mwaka huu sitaki kitu kingine.

Alhamisi, 18 Desemba
Tanuri limewashwa. Alilijenga mwenyewe, matofali na gesi, ufundi aliojifunza Homa Bay mjini kabla hajaolewa. Kioo kimeyeyuka vizuri. Amezima, ameziba kila tundu kwa udongo, kioo kipoe polepole kisipasuke.

"Dani, usiguse mpaka Jumamosi."

Dani ni mimi, bibi yake. Nikasema sawa.

Ijumaa, 19 Desemba
Nimelivunja.

Alikuwa ameenda soko Rangwe. Mimi nimezoea chungu. Chungu unakitoa kingali chekundu, unakinyunyizia maji ya gome, kinashika rangi. Ukingoja umekiharibu. Mkono ukaenda wenyewe. Nikabandua udongo nichungulie tu. Upepo ukaingia. Nikasikia tak. Halafu tak nyingine. Nikaziba kama mwizi.

Aliporudi nilimwambia kabla hajatua kikapu. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia ndani, akageukia ukuta.

Jumapili, 21 Desemba
Kanisani sikuenda. Nimejichoka. Shule sikuona, herufi nilijifunza uzeeni, na leo zinanikimbia.

Bado amelala. Uji umepoa mara mbili. Mke mwenzangu Min Oluoch alikuja, akasema mwache, machozi yatakwisha. Nikamwambia machozi si maji ya mtungi. Alikasirika, akaenda zake. Shauri yake.

Nikaingia kwa Atieno. Nikamwambia, nikasirikie, lakini nikasirikie ukiwa umekaa. Akajivutia shuka kichwani.

Jumatatu, 22 Desemba
Kalibu ni nzima. Nimeosha chupa nyingine, nimezivunja ndani ya gunia, nimeanza kupanga. Macho haya hayafai. Nimejikata vidole viwili.

Mchana kivuli kikasimama nyuma yangu.

"Dani, hiyo ni nyota ama ni kaa?"

"Nyota."

"Ina miguu saba."

"Basi ni nyota ya kwetu."

Alinisukuma kwa nyonga, akakaa mahali pangu. Nikaenda nyuma ya jikoni nikalia. Nimechoka mpaka mifupa.

Jumatano, 24 Desemba
Moto tena. Amezima saa nane mchana, ameziba. Kisha akachota jivu, akachora mstari kuzunguka tanuri. Akaniambia mwisho wangu ni hapo. Mbele ya Min Oluoch. Huyo mama alicheka hadi akashika ukuta.

Nastahili.

Alhamisi, 25 Desemba
Boma limejaa. Chapati zimeliwa kwenye sinia la bati.

Mwanangu Odhiambo akauliza liko wapi bakuli tunalolisikia. Atieno akamjibu linapoa, na mkimwona Dani anaelekea kule mniite. Watu wakacheka. Yeye pia, kidogo.

Kama limetoka zima sijui. Hata yeye hajui. Sikumwuliza.

Wageni wameondoka kabla ya jua kuzama. Ameosha vyombo nami, ameenda kujilaza. Amesema kesho nimwamshe mapema, anataka kulifungua.

Nimesema nitamwamsha.