Kila Kipande na Teste Yake

Mutoto wangu Mado, weye mwenye jina ya mama yangu,

Nimechoka kuikala karibu na telefone, njo naandika. Nilisoma kidogo tu, lakini mandiko yangu inapita ya bale balimaliza masomo.

Unakumbuka Noeli ya mwisho, ulikuya Lubumbashi? Ulikaa inje mu lupango, ordinatere, ile kompyuta yako, ku magoti, unagombana na mudogo wako Fiston mu telefone, wote tunasikia. Weye unakaaka ku Goma, yeye ku Kolwezi, mwenzenu ku Kinshasa, munatengeneza programe moja ya kufwata makamio, malori ya benye biashara.

"Kila kipande iwe na teste yake, ijaribiwe mbele ya kunitumia," ulimwambia.

"Yaya, unatuchelewesha! Tutajaribu yote siku ya mwisho."

"Siku ya mwisho ni ya Mungu, haiko ya programe."

Nilikunyang'anya telefone. Mi nilikuwa fundi ya freni za wago za treni, mu Katanga yote hakuna alinipita. Nikamwambia: kipande moja moja, ku meza, mbele ya kufunga. Ukifunga kwanza, freni ikikataa ku mulima, utauliza nani?

"Papa, hii haiko wago."

"Njo mana haina hata freni!"

Ulicheka mpaka chai ikamwangika.

Sasa vita iko Goma, rezo ya telefone imekatika. Fiston alikuya juzi kuniona, amekonda. "Papa, vipande bya yaya Mado tulijaribu bila kumuuliza kintu. Byote binatembea. Byangu njo binaniua." Nikamwambia: nilisemaka! Lakini kushinda hii haina utamu.

Kazi yako, hata weye usipokuwa, bantu banajua kama iko muzima. Weye mwenyewe je?

Kila asubui ulikuwa unanibipe: telefone inalia mara moja, unakata, sipokei. Ile njo ilikuwa teste yetu: nikiona jina yako, basi, mutoto wangu ameamka. Tangu rezo ikatike, hakuna. Ndugu zako banasema nitulie, vita iishe kwanza, tutajua yote pamoja. Ile ni maneno ya Fiston ya siku ya mwisho! Mi nakataa.

Kama unakula, kama nyumba ingali, kama utarudia, ile yote itakuya nyuma. Rezo ikirudia, mi naomba kipande moja tu, mama. Nibipe.

Sitapokea.

Mi baba yako, mwenye hii kichwa nguvu uliriti.