Dawa Isiyoshukuriwa

Nansio, Ukerewe

Shikamoo Baba,

Leo nimetembea hadi ziwani bila kuchechemea. Juma lililopita mwiba wa sangara, samaki anayegombewa na viwanda vipya vya Mwanza, ulinichoma unyayoni, mguu ukavimba hata nikahofia utakatwa. Shangazi, dada yako, alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akapaka utomvu wa mshubiri aliouchemsha katika samli.

"Asante, Shangazi," nikasema.

"We Koku, umeiharibu!" Akaifuta yote, akaanza upya. "Dawa haishukuriwi. Huko chuo kikuu hamkufundishwa kunyamaza?"

Nikanyamaza. Sasa kidonda kimefunga. Huenda ni mshubiri, huenda ni ile chumvi, sithubutu kuamua. Lakini mikono iliyorudia kazi ile kila jioni, kwa upole uleule, naistaajabia pasipo shaka yoyote.

Ukimwandikia, Baba, tafadhali usimshukuru kwa niaba yangu. Msifie sato wake na ugali wa muhogo. Hilo halina mwiko, naye ataelewa.

Mungu akutunze, wewe na migomba yako.

Binti yako,
Koku