Masikio ya Mjomba

Jumatatu, 3 Machi

Tumefika. Miguu imevimba kwa basi, lakini boti nimeiona — na moyo umenidunda kama kijana anayekwenda kuposa! Nyeupe, mita kumi na nne, injini mbili za dizeli. Mpwa wangu kainunua kwa daktari wa meno aliyestaafu. Juu inang'aa. Chini, kwenye chumba cha injini, aibu tupu. Kutu, mafuta yaliyoganda, utando wa buibui. Daktari yule alijua meno tu.

Siku kumi na moja baharini mpaka nyumbani. Tuko watatu. Mpwa ndiye mwenye mali na ndiye nahodha. Mkewe ana ramani, chakula na kila kitu kingine. Nimempa jina Bi Orodha, maana ana orodha ya orodha zake. Na mimi, fundi wa injini. Miaka thelathini na mmoja nimekaa tumboni mwa meli, mitano ya mwisho nimekaa sebuleni nikitengeneza pampu za majirani. Mpwa aliponipigia na kusema, "Mjomba, bila wewe siondoki," nilikwenda kujifungia bafuni nikalia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Dada yangu, mama yake, alinishika mkono kituoni. Hana mtoto mwingine, ni huyo huyo mmoja. Nimrudishe mzima, basi. Hakuomba zaidi.

Jumanne, 4 Machi

Kazi! Nimebadili filta zote. Tangi la dizeli lina tope, ungedhani lilikuwa la kufugia kambale. Nanuka mafuta mpaka nyusi na nimefurahi.

Mchana nimesikiliza injini ya kushoto kwa bisibisi. Ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, tulivyofundishwa zamani. Beringi ya pampu ya maji inasaga. Mpwa akabisha, mbona yeye hasikii kitu? Tumefungua. Beringi imeliwa! Akapiga simu nyumbani hapo hapo kusimulia. Eti masikio ya Mjomba yangeuzwa dukani.

Karakana ya hapa gatini imetuletea fundi umeme. Mwanamke wa makamo, makini, hakuna waya anaouacha ukining'inia. Ila anaongea kama anaogopa kumwamsha mtoto. Na Bi Orodha ni yale yale, anaongea huku amenipa mgongo. Nawaitikia "sawa, sawa" ili kazi iende. Jioni nikajikuta nimepewa chumba cha mbele, mimi na madumu manane ya mafuta. Eti nilikubali mwenyewe. Lini?

Mahali hapa pana kimya cha ajabu. Miti ya karakana imejaa ndege wadogo na hakuna anayelia.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kumbe leo ilikuwa zamu yangu ya kupika! Nayo eti niliikubali jana. Wali umeungua chini, mbichi juu. Wamekula wakamaliza. Watoto wazuri hawa.

Alhamisi, 6 Machi

Leo king'ora kimefungwa. Maji yakiingia chini ya sakafu, kuna kielea kinapanda, king'ora kinalia na taa nyekundu inawaka. Kimewekwa chumba cha injini, nyuma ya kiti changu, maana huko ndiko nitakakoshinda. Fundi umeme alitaka kingine juu, kwenye usukani. Mpwa akasema ya nini, si Mjomba yuko chini?

Nilikuwa nimepiga magoti, nakaza kibano cha mpira wa maji. Mgongo kwao. Mara naguswa bega. Nageuka — mpwa na mkewe wameziba masikio kwa viganja, nyuso zimekunjamana, na kidole cha fundi umeme bado kiko kwenye kitufe! Mpwa akaangua kicheko. Jamani, Mjomba chuma! Hata hakushtuka!

Nikacheka nao. Nikainuka, nikaosha mikono, nikaenda kunywa chai.

Sikusikia kitu. Hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Wenzangu walipokwenda kula mchana, nilibaki. Nikabonyeza kitufe. Taa nyekundu ikawaka. Kimya. Nikabonyeza tena, nikasogeza sikio mpaka ndevu zikagusa. Kimya. Nikachukua bisibisi, ncha kwenye king'ora, mpini kwenye mfupa. Hapo nikakipata, kwa mbali, kama nzi ndani ya chupa. Kwa hiyo kizima. Mbovu ni mimi.

Injini nazisikia. Mlango ukibamizwa nausikia. Sauti nene ya mpwa, naisikia. Zilizoondoka ni zile nyembamba, moja moja, bila kuaga. Kumbe ndege wanalia!

Nikampigia mama watoto. Simu nikiibana sikioni nampata vizuri. Nikamuuliza, kimzaha tu, eti siku hizi nasikiaje? Akasema: kwani nilidhani ni kwa nini ananifuata mpaka nilipo na kunigusa bega, badala ya kuniita? Mwaka wa tatu huu. Alidhani najua. Alidhani sitaki litajwe. Miaka mitatu mke wangu anavuka nyumba nzima kuja kuniambia chakula tayari, na mimi namfokea kwamba ananinyemelea! Nimeona haya.

Akanisihi nimwambie mpwa. Nikasema kesho. Lakini kesho tunaitoa boti kuijaribu. Nikisema, watatafuta fundi mwingine, nami nitarudi kwa basi na begi langu, nikakae sebuleni. Najijua mimi. Kesho sisemi.

Jumamosi, 8 Machi

Tulitoka saa mbili asubuhi. Bahari shwari, injini zote mbili zinanguruma sawia. Mlango nimeufunga, kelele zisiwasumbue walio juu. Niko kitini, kikombe cha chai pembeni, naandika joto la maji na presha ya oili. Raha ya miaka mitano yote niliyoikosa! Kwenye kioo cha kipimo nikaona kitu chekundu kinawaka na kuzima. Nikadhani ni mkono wa ovaroli yangu. Nikaendelea kuandika.

Bi Orodha akashuka kutafuta kamba. Nikaona mdomo wake umeachama, macho yanatazama miguu yangu. Nikatazama na mimi. Maji! Yamepita mbao za sakafu, yanazunguka buti zangu. Kile kibano cha Alhamisi. Nilipoguswa bega nilikiacha nusu, sikurudi kukimaliza, mpira ukachomoka. Mimi! Miaka thelathini na mmoja!

Nikazima injini ya kushoto, nikafunga valvu, pampu zikafanya kazi. Nusu saa, sakafu ikaonekana. Tukarudi gatini na injini moja, hakuna aliyeumia.

King'ora kilikuwa kimekufa. Kisanduku chake cha umeme kilijaa maji. Fundi umeme alikifunga juu ukutani. Nilikishusha sakafuni mwenyewe jana, nipate pa kuweka kikombe. Sikusema. Mpwa akakishika, matone yanadondoka, akatikisa kichwa. Kitu hiki kimezama kabla ya kulia. Akanigeukia: "Kingelia, ungesikia. Si ndiyo, Mjomba?"

Nikasema, "Ndiyo."

Bi Orodha alikuwa amesimama ngazini. Alinitazama muda mrefu, halafu akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Jumapili, 9 Machi

Mkuu wa karakana amemwita fundi umeme mbele yetu sote. Kazi ya hovyo, amemwambia, watu wangekufa. Asiguse boti nyingine mpaka apimwe upya. Mama wa watu hakupiga kelele. Alinigeukia mimi, akaongea taratibu, na safari hii nilisoma midomo: "Mzee, hakikulia kabisa?" Nikajifanya natafuta spana.

Mpwa kaamua. King'ora kitolewe, hataki kingine, hali ya hewa ni nzuri, kesho saa nne tunaondoka. Akanipiga bega. "Masikio ya Mjomba yanatosha."

Siku kumi na moja. Watu wawili watalala juu kwa zamu wakijua niko macho chini. Nimemkumbuka dada yangu kituoni.

Bi Orodha alikuja jikoni nikiosha sahani. Hakuniita. Alinigusa bega. Nikageuka, naye akaongea uso kwa uso, neno moja moja: kuna kitu ningependa aandike kwenye orodha kabla hatujaondoka? Anajua. Ninaapa anajua! Amenipa nafasi niseme mwenyewe. Nikamwambia tuongeze sabuni.

Sabuni!

Jumatatu, 10 Machi

Saa tatu na robo asubuhi. Niko chumba cha injini. Naandika hapa hapa kitini, mikono ipate la kufanya. Juu wanakunja turubai.

Fundi umeme alishuka kuondoa king'ora chake, ndiyo kazi ya mwisho aliyoachiwa. Alitoa skrubu ya kwanza. Alitoa ya pili. Nikamwambia, mwanangu, acha. Nikamwomba anitazame akinijibu, kwa sababu asiponitazama simsikii. Nikamweleza yote. Taa kwenye kioo. Kisanduku. Kibano. Ile "ndiyo" yangu.

Nilitegemea matusi. Laiti angenitukana! Alishusha bisibisi, akasema jana alirudi nyumbani akawaambia wanawe kwamba mama amekosea kazi, karibu aue watu. Mdogo akamuuliza kama bado yeye ni fundi. Basi. Akapangusa uso kwa kiwiko cha mkono, na mimi nikapangusa wangu.

Kisha akaanza kuangalia kuta, ndivyo tulivyo mafundi. Akasema inawezekana. Taa kubwa mbele ya macho yangu, juu ya vipimo. King'ora cha pili kwenye usukani. Kazi ya siku moja. Uso wangu bila shaka uling'aa, maana akainua kidole. Hafungi waya hata mmoja kwa siri. Nahodha ajue anasafiri na nani, kisha aamue mwenyewe: taa, au fundi mwingine. Na mkuu wake wa kazi ajue pia, kutoka kinywani mwangu. Nikamwambia afunge taa kwanza, nitasema tukishakuwa njiani. Akatikisa kichwa. Nimejiona mdogo kama kidonge.

Amekaa juu ya sanduku lake la vifaa. Skrubu mbili mkononi, mbili bado ukutani. Hatoi, harudishi. Ananisubiri.

Bi Orodha amechungulia kutoka juu, ametuona wawili hivi, akaondoka haraka. Najua amekwenda kumwita nani.

Mtetemo kwenye ngazi. Huo nausikia kwa miguu. Buti za mpwa wangu, sasa magoti, sasa uso wake, umefurahi, kofia mpya ya nahodha kichwani. Alinunua na ya kwangu. Ameishika mkononi.

Anasema kitu huku akitazama juu, kwa mkewe. Midomo siioni. Pengine anauliza niwashe injini. Hapa ndipo huwa nasema sawa.

Fundi umeme hapepesi macho.

Nimeinua mkono. Nimemwambia mpwa, mwanangu, shuka mpaka chini, nitazame, useme tena. Sijasikia.

Amesimama. Tabasamu bado lipo, lakini limeanza kupungua. Anashuka. Naweka kalamu, nimwambie.